Ufa Uliozibwa kwa Mwiko

6 Machi

Mjomba mpendwa,

Dai langu ni hili, na nitalitetea mpaka wino uishe au mmoja wetu aone haya: katika kazi ya kuchimba mitaro, mtu anayeziba ufa ni wa hatari kuliko anayeuacha wazi, na ile methali yako kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, pamoja na heshima zake zote, haina ruhusa ya kushuka shimoni.

Baada ya kukurushia jiwe hilo, sasa nabisha hodi kama mtoto aliyelelewa. Shikamoo. Natumai mgongo umeacha kukusumbua, au angalau mmefikia maelewano. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, kwa hiyo sipotezi muda kwa mandhari. Ofisini nimepewa meza, kiti kinachoyumba, na cheo kirefu kuliko meza. Mwambie Mama kwamba ninakula. Mwambie pia kwamba kuuliza kila siku kama ninakula hakuongezi chakula.

Naandika barua kwa sababu kwenye simu umenikata mara mbili, mara ya kwanza nikiwa katikati ya hoja, mara ya pili nikiwa katikati ya salamu. Karatasi haina kitufe chekundu.

Sasa tufike penye jambo. Dada ameniambia kwamba umempatia mumewe kazi kwenye mtaro wa majitaka unaopita nyuma ya soko, na kwamba shemeji ndiye anayekaa chini akiunga mabomba. Kwa kumpatia kazi nakushukuru kwa dhati. Lakini Dada hakuishia hapo. Alinieleza, kwa fahari kabisa, kwamba kuta za mtaro huo zimesimama wima kama zimekatwa kwa kisu, ndiyo maana vibarua wanakuita Timazi, kama ile kamba yenye uzito ambayo mwashi hupimia wima. Kwamba shemeji akiwa chini hata akinyoosha mkono vidole vyake haviufikii ukingo. Na kwamba kila asubuhi, kabla watu hawajashuka, wewe mwenyewe unapita juu na karai la udongo laini na mwiko, unaziba nyufa zilizotokea usiku na kuzisugua mpaka ardhi inang'aa. "Mjomba ni fundi," akasema. "Ukipita huwezi kujua kama palikuwa na ufa."

Huwezi kujua kama palikuwa na ufa! Ni sawa na kumsifu tabibu kwamba wagonjwa wake hawana homa, kumbe amevunja kipimajoto.

Mjomba, ufa unaokwenda sambamba na ukingo wa mtaro hauhusiani na uzuri wa ardhi. Ni habari. Kipande cha udongo kilicho kati ya ufa na shimo kimekwisha kuwaaga wenzake. Kinachongoja ni sababu tu ya kuondoka, na sababu hazijawahi kuadimika duniani: mvua, lori lililojaa nondo, au wewe mwenyewe kusimama juu yake ukiwa na karai. Udongo wa kujaza sanduku la mita moja kila upande una uzito wa gari dogo. Shemeji ana kifua kipana, nakubali, lakini si gereji.

Sikuombi maajabu. Kata kuta ziwe na mteremko, au kama barabara ni nyembamba, zikinge kwa mbao na viguzo. Kifusi kiondoke ukingoni. Ngazi iwe karibu na mtu aliye chini, siyo karibu na aliye juu. Na mwiko urudi kwa waashi, wanaujua zaidi.

Nasubiri majibu, nikijua yatakuwa matamu.

Mpwa wako



19 Machi

Kwa Profesa wa Mashimo,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unakusalimu. Mama yako ameng'oa jino na tangu siku hiyo anaongea maradufu. Sijui lile jino lilikuwa limezuia nini. Mtoto wa dada yako ameanza kutembea, na safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kuangusha redio yangu. Tuko salama.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza peke yangu, kwa hasira. Ya pili kwa sauti, mbele ya vibarua, wakati wa chai. Pale pa gereji walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mume wa dada yako ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema, "Huyu shemeji yangu akiona shimo la panya anaita zimamoto."

Una shahada ya udongo. Hongera. Tuliimba na kupiga vigelegele siku uliyoipata, na mimi nilivaa viatu vinavyobana. Ila hebu niulize, maana mimi sikusoma: mvua ikinyesha, maji huingia ardhini kwa mlango gani? Si kwa ufa? Sasa mtu akifunga mlango wezi wasiingie, unamwita mwizi? Waliotunga ile methali hawakuwa wajinga. Wewe umekuja juzi, methali umeikuta, na utakufa utaiacha.

Mbao unazozililia, mkandarasi alizileta. Tuliziweka. Siku hiyo hiyo mume wa dada yako aligonga kiwiko, akagonga goti, akagonga kichwa, akaniambia, "Mjomba, nitoe kwenye hili sanduku kabla sijazikwa." Tukazitoa. Sasa ni mabenchi, tunakalia tukinywa chai, na zimefaa sana.

Ngazi hakuna kwenye mtaro wangu na haitakuwepo. Tunachonga vikanyagio kwenye ukuta, kulia, kushoto, mtu anapanda kama paka. Ngazi ni ya wapaka rangi. Na kifusi nikikipeleka mbali, siku ya kufukia nani atakirudisha? Utakuja wewe na cheo chako kirefu?

Juzi mhandisi alileta wageni kuja kutazama kuta zangu. Walipiga picha. Mmoja akauliza kama tulitumia mashine. Nikamwonyesha koleo. Kwa hiyo wewe huko endelea kuogopa kwa niaba yetu, sisi tutaendelea kufanya kazi kwa niaba yako.

Kula vizuri. Mama yako ndiye aliyenituma niandike hivyo, siyo mimi.

Mjomba wako, Timazi



28 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa redio. Mpe hongera mtoto. Katika ukoo wetu ndiye wa kwanza kumnyamazisha mtu kwa vitendo. Mimi sina jipya, ila jirani wa chumba cha pili amenunua zumari na hajajua bado kwamba halipendi.

Nafurahi kwamba barua yangu iliburudisha chai. Wanaonicheka wana haki zao zote, ikiwemo ile ya kupanda juu jioni wakiwa hai, na hiyo moja ndiyo ninayoigombania.

Hoja yako ya maji ina mguu mmoja wa kusimamia, na mimi si mtu wa kumnyima mpinzani mguu wake. Ni kweli, maji yakiingia kwenye ufa yanausukuma ukuta na kuuongezea uzito. Lakini tazama unachofanya baada ya kuufunga huo mlango: unawashusha watu. Laiti ungewapandisha watu kwanza, ukakata ukingo au ukaukinga, kisha ukaziba, ningekubusu mkono. Wewe unaziba ili kazi ianze. Mlango umeufunga, mwizi ukamwacha ndani na wenye nyumba wamelala.

Na methali? Ilitungwa kwa kuta za nyumba, ambazo zinabeba paa. Ukuta wa mtaro haubebi kitu. Unabebwa na mazoea. Ukiutoa udongo uliokuwa mbele yake, umeuondolea egemeo lake, na kila saa unayoupongeza kwa kusimama, unakauka, unalegea na kuchoka. Wewe unauona umezoea kusimama. Mimi nasema umechoka kusimama. Wima huo unaopigiwa picha ndio umbo baya kuliko yote ambayo udongo unaweza kupewa; udongo ukiachiwa uchague wenyewe, hulala.

Nikueleze jambo ambalo hutalisoma wakati wa chai. Mtu akifukiwa mpaka kifuani, kichwa chake kikiwa nje, wenzake humwambia, "Vumilia, unapumua." Anapumua, naam. Lakini kila anapotoa pumzi kifua hupungua, na udongo huingia kuijaza nafasi hiyo. Akitaka kuvuta tena, nafasi imekwisha kuchukuliwa. Anapungua hivyo hivyo, macho yakiwa wazi, akiwatazama. Hakuna koleo lenye mbio za kutosha.

Basi naomba kitu kimoja. Asubuhi moja tu, usizibe. Pigilia vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima nafasi iliyopo kati yao kwa kamba, na kesho yake upime tena. Visiposogea, nitaandika barua ya kuomba radhi, ndefu, yenye maneno magumu, na utawasomea vibarua mpaka wapaliwe wote. Vikisogea, hutahitaji barua yangu.

Ni jaribio la vijiti viwili na kamba. Hata mimi na shahada yangu ninaliweza.

Mpwa wako



7 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, mvua zimeanza na barabara ni matope matupu. Mama yako hajambo. Yule jirani mwenye mbwa mkali amehama, mbwa amebaki, na sasa hatujui nani anamlinda nani. Paa la jikoni linavuja pale pale lilipokuwa linavuja ulipokuwa mdogo. Nimeweka sufuria ile ile. Mtoto wa dada yako ameota meno mawili ya juu na anamng'ata kila amshikaye, nahisi amekurithi wewe. Mchungaji wa mtaa wa pili ameoa. Bei ya saruji usiniulize.

Vijiti vyako nilivipigilia.

Mume wa dada yako mzima, anakusalimu. Mengine tutaongea ukija likizo.

Mjomba wako



12 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nampongeza mchungaji, nampa pole mbwa, na sufuria naikumbuka. Mimi ni mzima. Mwenye zumari amelihamishia kwa binti yake, ambaye ana pumzi zaidi.

Nimeisoma barua yako kwa makini, kwa kuwa ni fasihi. Mistari mingi kuhusu mbwa, paa, meno na ndoa. Mstari mmoja kuhusu vijiti: nilivipigilia. Nilisoma mstari unaofuata nikitarajia kukuta havikusogea, ukiwa umeandikwa kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari chini, maana nakujua: ukishinda hujui kunong'ona. Nikakuta mume wa dada yako mzima.

Sikukuuliza kama ulivipigilia. Nilikuuliza kama vimesogea.

Mjomba, tuweke utani kando kwa aya hii moja. Mvua imelowesha kifusi kilichoko ukingoni, na kifusi kilicholowa ni kizito zaidi kuliko kikavu. Maji yanapita chini ya viraka vyako. Wapandishe watu. Mkandarasi akikuuliza, mwambie mpwa wangu mwenye kihoro cha mashimo amenisumbua. Nipakazie mimi, mabega ninayo. Nivunjie heshima kadiri upendavyo, ila shemeji asishuke mpaka mbao zirudi.

Nijibu kwa neno moja tu. Sihitaji habari za mbwa.

Mpwa wako



15 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba ya mbali. Usishangae mwandiko, anayeandika ni binamu yako, mikono yangu inauma kidogo, ni baridi ya msimu huu na uzee. Mama yako hajambo, ila halali vizuri. Paa la jikoni limezibwa.

Mume wa dada yako amepumzika nyumbani. Alipata ajali ndogo wiki tatu zilizopita. Alikuwa anapanda kutoka mtaroni, akateleza kwenye ngazi, akaanguka vibaya. Mbavu zimevunjika na mguu umefungwa. Atapona, mganga mkuu amesema ana bahati. Nimekuwa nikimwambia siku zote aangalie anapokanyaga, lakini vijana wa siku hizi hawana subira hata na ngazi. Vibarua wote nimewakumbusha kwamba uzembe wa mtu mmoja unachafua jina la kundi zima.

Dada yako usimpigie simu kwa sasa, ana shughuli nyingi za kuuguza.

Kazi haijasimama. Tumeanza kipande cha pili, kile kinachopita mbele ya zahanati. Barua yako ya Mei niliipata.

Mjomba wako



21 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Msalimu Mama; kama halali, najua sasa kwa nini, na sitamwuliza kama anakula.

Ngazi ipi?

Nauliza kwa unyenyekevu wote, kwa kuwa ninayo hapa mezani barua yako ya Machi, ambamo ngazi ilifukuzwa mtaroni kwa dharau na kupelekwa kwa wapaka rangi. Ni lini imerudi? Ilirudi peke yake? Ilishuka asubuhi hiyo hiyo, kwa ajili ya kumtelezesha shemeji, kisha ikaondoka? Nimeishi miaka yangu yote nikiwa na imani na vitabu, lakini sijapata kusoma habari za ngazi yenye nia mbaya namna hiyo.

Na mikono yako. Baridi haichagui mikono na kuliacha goti, hasa goti lako, ambalo hutabiri mvua kabla ya redio. Mtu aliyeanguka ngazini huokotwa, Mjomba. Hachimbuliwi. Mikono inayoshindwa kushika kalamu wiki tatu baada ya ajali ni mikono iliyofukua udongo kwa kucha kwa sababu koleo lingemkata aliyemo ndani.

Uliniambia nisimpigie Dada. Nimetii. Nimempigia mumewe.

"Shemeji, pole. Nasikia uliteleza."

"Wanasema niliteleza."

"Na wewe unasemaje?"

Akakohoa, na kukohoa kwenyewe nikasikia kunavyomuuma. "Mimi nilikuwa chini, bwana. Wa chini haoni. Ya juu anayajua Mjomba."

"Palikuwa na ngazi?"

"Shemeji, usinichekeshe. Nikicheka mbavu zinagombana." Kisha akasema, "Wenzangu walikuja kunitazama. Mmoja akaniambia, bwana, jifunze kutembea. Nikamjibu, nitajifunza. Ningesema nini?"

Ningekupigia magoti, Mjomba. Nasema hili bila kejeli, na unajua jinsi linavyonigharimu. Kama ulimtoa mle kwa vidole vyako, basi ni wewe uliyemrudishia dada yangu mume na mtoto wake baba, na hakuna shahada inayofikia hapo. Lakini umeninyima nafasi ya kukushukuru, kwa sababu ukiipokea shukrani utakuwa umeukiri ukuta. Umeona heri upoteze sifa ya kumwokoa kuliko kupoteza sifa ya wima. Na lawama ukamtwika aliyelala kitandani, ambaye hawezi kusimama ili aitue.

Vijiti vilisogea?

Mpwa wako



2 Julai

Mpwa wangu,

Nimeandika mwenyewe. Utasoma hivyo hivyo, kuku naye huandika.

Mama yako hajambo. Dada yako hasemi nami; akileta chakula anakiweka mezani na kuondoka, na chakula ni kizuri, ndiyo sababu kinaniuma.

Vilisogea. Siku ya kwanza upana wa kidole. Siku ya pili viwili. Nikaving'oa. Nikaona kamba imekosea, nikaona vijiti vimelegezwa na watoto, nikaona wewe umevisemea maneno mabaya kutoka huko uliko. Kisha nikaziba kama kawaida, nikasugua sana siku hiyo.

Sasa nikuulize wewe uliyesoma. Nikiwaonyesha ufa, nani atashuka? Hawa watu wanashuka kwa sababu wananiona nimesimama pale juu nikitabasamu. Mkandarasi anataka mita zake kila siku. Watu wakigoma kushuka, ataletwa nyapara mwingine, na huyo hajui hata kunyoosha ukuta. Ungeshuka wewe, ukiuona?

Ukuta ulipoanguka haukupiga kelele. Nilidhani utapiga kelele. Ulikaa tu, kama mtu mzee anayeketi. Nikaona kofia ya mume wa dada yako, na kando ya kofia udongo wangu laini, bado una alama za mwiko.

Haya nimekuandikia wewe tu. Kwa vibarua na kwa mkandarasi, aliteleza, na yamekwisha. Mtu akipona, maneno yanapona. Nimemwekea nafasi yake, miezi miwili ijayo atarudi kazini kwenye kile kipande cha zahanati. Nimemwahidi dada yako, ingawa hakujibu.

Barua hii ichome.

Mjomba wako



8 Julai

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mwandiko wako nimeusoma wote, na kuku anayeandika hivyo anastahili heshima. Sina habari za nyumbani kwangu za kukupa; zumari limenyamaza na sijali kwa nini.

Barua sitaichoma. Wala sitamwonyesha mtu, hata Dada. Iko chini ya vitabu vyangu na itakaa huko mpaka panya waihurumie. Hutaaibishwa na karatasi. Nataka kitu kigumu zaidi ya hicho.

Umeniuliza, ukiwaonyesha ufa, nani atashuka. Katika miezi minne ya kubishana hilo ndilo swali lako la kwanza lisilo na mapambo, na jibu lake ni jepesi mno kiasi kwamba nimeona haya kulisomea. Hatashuka mtu. Ndiyo kazi ya ufa, Mjomba. Umepewa na ardhi bure, bila mshahara, ili asishuke mtu mpaka ukingo ukatwe, kifusi kisogezwe, mbao ziinuke kutoka makalioni mwenu na kurudi ukutani. Wewe ulidhani unauziba mdomo ufa. Uliwaziba midomo vibarua, maana ufa ndio uliokuwa unasema nao.

Ukaniuliza kama mimi ningeshuka. Nisingeshuka. Nimesoma kote nilikosoma, nikala vyakula vibaya na kulala kwenye vitanda vya chuma, na faida kubwa niliyoipata ni kwamba naweza kusema sishuki, mbele ya mhandisi, mkandarasi na wageni wenye kamera, na hakuna atakayeniita mwoga, wataniita mtaalamu. Shemeji akisema neno hilo hilo ataitwa mvivu. Ndiyo maana alicheka barua yangu kwa sauti kuliko wote. Sikulijua hilo mwezi Machi. Ungelijua wewe, uliyekuwa umekaa naye benchi moja.

Umesema ataletwa nyapara mwingine asiyejua kunyoosha ukuta. Mungu amlete! Ukuta wake uliopinda utakuwa na mteremko, na watu watafika nyumbani.

Na umesema maneno yanapona mtu akipona. Haya hayatapona. Shemeji atarudi na mbavu zilizoungwa, atasimama chini mbele ya zahanati, na juu yake watakuwepo watu wanaoamini kwamba kilichomvunja ni miguu yake. Watamwambia aangalie anapokanyaga. Atatazama chini, kama alivyoagizwa, na hakuna hata mmoja atakayetazama ukutani. Umemwekea nafasi yake. Ninachotaka kujua ni ipi, ya kazi au ya udongo.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa ofisini na nimekata tiketi. Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili, asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, nitakuwa ukingoni mwa kile kipande cha pili. Dada atakuwepo, nimempigia, safari hii bila kukutii, na amekubali kabla sijamaliza sentensi. Shemeji atakuja na magongo yake. Vibarua watakuwepo kwa sababu ndipo wanapofanya kazi, na mkandarasi nimempelekea mwaliko ambao hautaji jina la mtu wala kosa, unaosema tu kwamba nyapara wake ana neno la usalama kwa watu wake.

Unalo, Mjomba. Mimi sitahutubia. Sitaleta kitabu wala barua. Nitakuamkia kama mpwa anavyomwamkia mjomba wake mbele za watu, kisha nitauliza swali moja, kwa sauti ya kumfikia hata aliye mwisho wa mstari: tarehe ile, ukuta ulianguka, au mtu aliteleza?

Kwa barua umekwisha kunijibu, na jibu la barua limemfaa msomaji mmoja ambaye hashuki mtaroni. Sasa uwajibu wanaoshuka. Uwajibu hapo, ukiwatazama, kwa sauti yako ile ile unayoitumia kusoma barua zangu. Na asitie mtu mguu shimoni mpaka umalize.

Mpwa wako